Kwanini Bunge la Marekani linakwama kila mara? Ijue mashine yao hapa



Kwa muda mrefu mimi nilikuwa najua kitu kimoja tu kuhusu serikali ya Marekani: Rais wao akisema, imekwisha. Jamaa ana jeshi, ana ndege yake, ana mabomu ya nyuklia, nani wa kumbishia? Halafu Oktoba 2025 serikali ya nchi hiyohiyo ikafungwa siku 43. Waongoza ndege wakawa wanakwenda kazini bila mshahara. Watu kama milioni 42 wanaopewa msaada wa serikali wa kununua chakula wakauanza mwezi Novemba bila kujua kama hela itaingia. Hakukuwa na vita wala mapinduzi. Waheshimiwa walishindwa kukubaliana tu.

Hapo ndo nikaanza kusoma. Nilichokipata nimekipanga hapa kwa vipengele, ili mdau akibishiwa kijiweni awe na pa kurejea. Ni ndefu kidogo. Kama dakika zako za kafe zinakaribia kwisha, ruka moja kwa moja mpaka kipengele cha 7, ndipo panapotugusa sisi.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: Katiba yao iliyoandikwa 1787 iliweka milango mingi ili mtu mmoja asijibebee madaraka yote. Milango hiyo ilikuwa inafunguka kwa sababu ndani ya kila chama kulikuwa na watu wa aina zote. Vyama vilipojitenga, kila mlango ukawa na kufuli, na mara nyingi ufunguo anao mpinzani. Twende taratibu.

1. MILANGO YENYEWE

Bunge lao linaitwa Kongresi na lina mabaraza mawili.

Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili. Jimbo lenye watu wengi linapata wajumbe wengi.

Baraza la Seneti lina watu 100, wawili kwa kila jimbo katika majimbo 50, na wanakaa miaka sita. Hapa idadi ya watu haina maana. California ina watu karibu milioni 39, Wyoming haifiki hata laki sita, na kila moja ina maseneta wawili.

Muswada ili uwe sheria unatakiwa upite kamati, upite Baraza la Wawakilishi, upite Seneti kwa maneno yaleyale, kisha Rais asaini. Rais akikataa kwa kura ya turufu, Kongresi inaweza kumpindua kwa theluthi mbili za kila baraza, jambo ambalo ni gumu kulipata. Baada ya hapo bado Mahakama Kuu inaweza kusema sheria hiyo inavunja Katiba.

Kitu cha kushika hapa: Rais, Baraza la Wawakilishi na Seneti wanachaguliwa mbalimbali. Waziri Mkuu wa Uingereza anatokana na wabunge walio wengi, kwahiyo kwa kawaida anacho anachokitaka bungeni. Rais wa Marekani anaweza kukaa Ikulu miaka yake yote huku mabaraza yote mawili yakiwa mikononi mwa chama pinzani.

2. KUFULI KUBWA: FILIBASTA

Hili ni neno utakalolikuta sana, na Katiba yao haina hata sentensi moja juu yake. Ni kanuni ya Seneti yenyewe. Zamani seneta alikuwa na haki ya kuongea bila kikomo, hivyo asipotaka muswada upite anasimama na kuongea mpaka wenzake wachoke. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina aliongea saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za raia weusi.

Mwaka 1917 waliweka kanuni ya kupiga kura kufunga mjadala, ikihitaji theluthi mbili. Mwaka 1975 ikashushwa kuwa kura 60 kati ya 100. Siku hizi seneta hahitaji hata kusimama na kukauka koo. Upande wa pili ukionyesha tu kwamba hauna nia ya kufunga mjadala, muswada unakaa hapohapo mpaka zipatikane 60.

Kwahiyo watu 41 wanaweza kuwazuia 59. Mfano mzuri ni Desemba 2010. Kulikuwa na muswada wa kuwapa njia ya uraia vijana walioingizwa Marekani wakiwa watoto bila vibali. Maseneta 55 walitaka uendelee, 41 wakakataa. Walio wengi wakashindwa. Kwenye mpira ungesema refa kala mlungula, lakini kule ni kanuni.

Kuna matobo. Mwaka 2013 Wademokrat waliondoa filibasta kwa uteuzi wa mawaziri na majaji wa chini. Mwaka 2017 Warepublikan nao wakaiondoa kwa majaji wa Mahakama Kuu. Pia kuna njia ya pekee ya miswada ya bajeti ambayo inapita kwa wingi wa kawaida. Ndiyo maana sheria kubwa za karibuni zimebebwa kwa njia hiyo: ya Biden ya 2022 kuhusu tabianchi na bei za dawa ilipita Seneti 51 kwa 50, na ya Trump ya Julai 2025 kuhusu kodi nayo ikapita 51 kwa 50. Zote mbili zilipitishwa na kura ya Makamu wa Rais. Zote mbili hazikupata hata seneta mmoja wa upande wa pili.

3. ZAMANI VYAMA VILIKUWA MCHANGANYIKO

Hapa ndo palinishangaza zaidi. Mwaka 1950 chama cha wasomi wa siasa wa Marekani kilitoa ripoti kikilalamika kwamba vyama vyao viwili vimefanana mno! Walisema mwananchi hana cha kuchagua kwa sababu hajui chama kinasimamia nini. Wakaomba vyama vyenye msimamo na nidhamu. Miaka ikapita, ombi lao likajibiwa kupita kiasi.

Kwanini vilifanana? Historia. Abraham Lincoln, aliyewashinda wenye watumwa wa kusini kwenye vita vya 1861 hadi 1865, alikuwa Mrepublikan. Weupe wa kusini wakakichukia chama hicho karibu miaka mia moja, wakawa Wademokrat hata kama mawazo yao yalikuwa ya kihafidhina kabisa. Wakati huohuo kaskazini, New York na kwingineko, walikuwepo Warepublikan waliokuwa na msimamo laini kuliko Wademokrat wa Mississippi. Kila chama kikawa na mbawa mbili.

Angalia Sheria ya Haki za Raia ya 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi hotelini, kazini na sehemu za umma. Rais alikuwa Lyndon Johnson, Mdemokrat wa Texas. Waliompinga kwa nguvu zote Seneti walikuwa Wademokrat wenzake wa kusini. Waliomuokoa walikuwa Warepublikan wakiongozwa na Everett Dirksen wa Illinois. Mjadala ulichukua siku 60 za vikao. Siku ya kuufunga kura zilikuwa 71 kwa 29, na kati ya hizo 71, Warepublikan walikuwa 27. Bila hao, sheria hiyo ingekufa.

Mwaka uliofuata ikaja bima ya afya ya wazee. Baraza la Wawakilishi, Warepublikan 70 walisema ndiyo na 68 wakasema hapana. Yaani wamegawana nusu kwa nusu. Sasa linganisha na sheria ya bima ya afya ya Obama ya 2010: ilipita 219 kwa 212, na Mrepublikan aliyesema ndiyo kwenye kura hiyo hakuwepo hata mmoja. Jambo ni lilelile, bima ya afya. Kilichobadilika ni vyama.

4. NINI KILIWATENGANISHA?

Hakuna sababu moja. Nimezikusanya zile kubwa.

(a) Kusini kulihama. Baada ya 1964 weupe wa kusini wakaanza kukimbia chama cha Demokratik. Strom Thurmond yuleyule wa saa 24 alihamia Republikan mwaka huohuo wa 1964. Ilichukua miaka mingi, ila mwisho wahafidhina wakawa wote upande mmoja na waliberali upande mwingine. Kituo cha utafiti cha Pew kilipima mwaka 2022 kikakuta kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 wabunge wa msimamo wa kati walikuwa zaidi ya 160. Sasa wamebaki kama dazeni mbili.

(b) Ushindi uko karibu. Wademokrat walilishika Baraza la Wawakilishi miaka 40 mfululizo, mpaka uchaguzi wa 1994. Ukiwa mchache na unajua utabaki mchache, unapatana na wakubwa ili upate chochote. Tangu 1994 baraza hilo limebadilika mikono katika chaguzi za 1994, 2006, 2010, 2018 na 2022. Sasa kila chama kinaamini uchaguzi ujao ni wake. Ukimsaidia mpinzani kupitisha kitu kizuri leo, umempa cha kujinadi kesho. Bora umkwamishe, halafu uwaambie wananchi hawezi kazi. Newt Gingrich, aliyewapa Warepublikan ushindi wa 1994, ndiye aliyeifanya mbinu hiyo kuwa shule.

(c) Kura za maoni. Kule mgombea wa chama anapatikana kwa kupigiwa kura na wafuasi wa chama, na wanaojitokeza ni wachache na mara nyingi wenye hasira zaidi. Kama eneo lako ni ngome ya chama chako, uchaguzi wa Novemba ni sherehe tu. Kifo chako kiko kwenye kura za maoni. Januari 2021 Warepublikan 10 wa Baraza la Wawakilishi walipiga kura Trump ashtakiwe bungeni. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, wanne hawakugombea tena, wanne waliangushwa kwenye kura za maoni akiwemo Liz Cheney wa Wyoming, na wawili tu ndio waliorudi. Ukiwa mbunge mwingine unayetazama hayo, utathubutu?

Kwetu Tanzania mbunge akifukuzwa chama anapoteza na kiti. Marekani chama hakina rungu hilo, mbunge anabaki na kiti chake. Lakini kwa hofu ya kura za maoni, watu wanafuata mstari vilevile.

(d) Kuchora ramani. Baada ya kila sensa ya miaka kumi, mipaka ya maeneo ya uchaguzi inachorwa upya, na majimbo mengi kazi hiyo inafanywa na wanasiasa wenyewe. Wanachora eneo linajikunja kama nyoka ili kuwaweka wapinzani pamoja au kuwatawanya. Mchezo huo unaitwa jerimanda, kutokana na gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts aliyepitisha ramani ya namna hiyo mwaka 1812. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema mahakama za shirikisho haziwezi kuamua kesi za jerimanda ya vyama. Mwaka 2025 Texas ikachora upya katikati ya miaka kumi ili kuwapa Warepublikan viti zaidi, California ikajibu kwa kura ya wananchi ya Novemba 2025 ili kuwapa Wademokrat. Jino kwa jino.

(e) Vyombo vya habari. Kulikuwa na kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vitoe pande zote za mjadala. Ilifutwa 1987. Mwaka 1996 zikaanza Fox News na MSNBC. Baadaye ikaja mitandao. Leo Mmarekani anaweza kukaa mwaka mzima bila kusikia hoja moja ya upande wa pili ikielezwa na mtu anayeiamini.

5. KUKWAMA KUNAVYOONEKANA

Serikali kufungwa. Kila mwaka Kongresi inatakiwa ipitishe miswada 12 ya matumizi kabla ya tarehe 1 Oktoba. Mara ya mwisho kuipitisha yote kwa wakati ilikuwa kwa mwaka wa fedha wa 1997. Miaka mingine wanaishi kwa viraka vya miezi michache. Kiraka kisipopatikana, serikali inafunga. Na hii haikuwa hivyo toka zamani. Mpaka 1980 ofisi ziliendelea kufanya kazi zikisubiri hela. Mwaka huo Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alitoa tafsiri kwamba sheria inakataza kutumia fedha ambazo hazijaidhinishwa. Toka hapo kufunga serikali kukawa silaha.

Zile kubwa ni hizi:
- 1995 hadi 1996: siku 21, Clinton na Gingrich wakigombea bajeti.
- 2013: siku 16, Warepublikan wakitaka kuikata sheria ya bima ya Obama.
- 2018 hadi 2019: siku 35, Trump akitaka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani. Wafanyakazi kama laki nane waliguswa. Ofisi ya bajeti ya Kongresi ilikadiria kwamba dola bilioni 3 za uchumi zilipotea moja kwa moja.
- 2025: siku 43, Wademokrat wakitaka ruzuku za bima ya afya zisikatwe. Ikavunja rekodi ya siku 35. Ikaisha pale maseneta wanane wa upande wao walipojiunga na Warepublikan kufikisha zile kura 60.

Sheria ya 2019 inasema wafanyakazi wa serikali watalipwa malimbikizo yao serikali ikifunguliwa. Ila mfagiaji au mlinzi aliyeajiriwa na kampuni yenye mkataba na serikali, zile siku zimekwenda na maji.

Ukomo wa deni. Kongresi inapitisha matumizi, halafu inapiga kura nyingine tena kuruhusu kukopa ili kulipia matumizi hayohayo. Mwaka 2011 walivutana mpaka siku za mwisho, na Agosti 5 kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani daraja la ukopaji kwa mara ya kwanza. Fitch ikafuata 2023 na Moody's 2025.

Chama kujikwamisha chenyewe. Januari 2023 Kevin McCarthy alihitaji duru 15 za kura kupata uspika, na wabishi walikuwa wa chama chake. Oktoba 3 mwaka huohuo aliondolewa kwa kura 216 kwa 210, Spika wa kwanza katika historia yao kuondolewa hivyo. Kosa lake kubwa machoni pa wabishi: alipitisha kiraka cha bajeti kwa kura za Wademokrat ili serikali isifungwe. Kupatana ndiko kulikomponza.

Kukataa hata unachokitaka. Februari 2024 seneta wa Republikan James Lankford alikuwa amekaa miezi na wenzake wa upande wa pili kutengeneza muswada wa kubana mpaka wa Mexico, kitu ambacho chama chake kilikuwa kinakililia. Trump, aliyekuwa anagombea urais, akaupinga hadharani. Muswada ukafa siku tatu baada ya kutoka, 49 kwa 50, wakati ulihitaji 60.

6. NANI ANAFAIDIKA?

Nilidhani wakikwama basi hakuna kinachofanyika. Kumbe madaraka hayakai bure. Kongresi ikilala, kazi yake inahamia kwa Rais na kwa majaji.

Wakumbuke wale vijana wa muswada wa 2010. Obama aliposhindwa bungeni, mwaka 2012 aliwapa kinga ya muda kwa uamuzi wa serikali yake tu. Trump akataka kuifuta 2017. Mahakama Kuu ikamzuia 2020 kwa kura 5 kwa 4. Maisha ya mamia ya maelfu ya watu yakawa yananing'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja na kura ya jaji mmoja. Mwaka 2025 peke yake Trump alisaini amri za Rais zaidi ya 200.

Kilichopitishwa kwa kalamu kinafutwa kwa kalamu. Sheria ya 1964 ilichukua siku 60 za maumivu Seneti, lakini marais wa vyama vyote wamekuja na kuondoka, bado ipo.

Ndiyo maana pia vita vya majaji vimekuwa vikali. Machi 2016 Obama alimteua Merrick Garland kwenda Mahakama Kuu. Warepublikan walioshika Seneti hawakumhoji wala kumpigia kura. Jina lake lilikaa siku 293 likaisha muda.

7. SISI TUNAHUSIKA VIPI?

Hapa naomba usome vizuri, mdau.

Dawa. Januari 2003 Rais George W. Bush alitangaza mpango wa Ukimwi wa PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zilikuwa kwenye kundi la kwanza la nchi zilizolengwa. Serikali ya Marekani inasema mpango huo umeokoa maisha ya watu milioni 25 duniani. Sheria yake iliongezwa muda 2008, 2013 na 2018, kila mara miaka mitano, vyama vyote pamoja. Ile ya 2008 ilipewa jina la Tom Lantos, Mdemokrat, na Henry Hyde, Mrepublikan. Na huyu Hyde ndiye aliyekuwa mpinzani mkubwa wa utoaji mimba katika Kongresi nzima. Bado aliubeba mpango huu.

Ikaja 2023. Safari hii baadhi ya Warepublikan wakadai serikali ya Biden inautumia mpango kuendeleza utoaji mimba. Serikali ikakana, na sheria yao tangu 1973 inakataza fedha za misaada kulipia utoaji mimba nje ya nchi. Haikusaidia. Muda wa sheria ukaisha Septemba 30, 2023. Machi 2024 wakaipa nyongeza ya mwaka mmoja tu, mpaka Machi 25, 2025. Kitu kilichokuwa kinapita kirahisi kikawa mateka wa ugomvi wa nyumbani kwao.

Januari 20, 2025 Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Miradi ikapewa amri ya kusimama, kliniki zikababaika, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Baadaye ukatolewa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha. Mtu anayemeza dawa kila siku saa mbili usiku hajui filibasta ni nini, lakini ratiba yake iko mikononi mwa watu hao.

Biashara. Sheria ya AGOA ya 2000, inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, ilifikia ukomo Septemba 30, 2025 bila kuongezwa kwa wakati. Ndiyo siku ileile fedha za serikali yao zilipoisha. Viwanda vya nguo vya Kenya vinavyouza kule vikabaki vinahesabu siku.

Viza. Wale mnaojaza bahati nasibu ya grini kadi kila mwaka, hii ni yenu. Ilizaliwa na sheria ya 1990, viza 55,000 kwa mwaka. Rais alikuwa Mrepublikan, Kongresi ya Wademokrat, wakapatana. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha mageuzi makubwa ya uhamiaji kwa kura 68 kwa 32, na ndani yake bahati nasibu hiyo ilikuwa inafutwa! Spika wa Baraza la Wawakilishi, John Boehner, hakuuleta muswada huo kwenye kura kwa sababu wengi wa chama chake hawakuutaka. Kwahiyo mkwamo ndio uliowabakizia bahati nasibu. Halafu Desemba 2025 serikali ya Trump ikatangaza kuisimamisha bila kupitia Kongresi. Mkwamo ulikupa, kalamu ikakunyang'anya.

8. JE, HAWAWEZI KABISA?

Tusiwaonee. Machi 2020 korona ilipoingia, Seneti ilipitisha msaada mkubwa wa uchumi 96 kwa 0. Mwaka 2021 sheria ya barabara na madaraja ilipita Seneti 69 kwa 30. Mwaka 2022, baada ya mauaji ya watoto shuleni Uvalde, Texas, walipitisha sheria ya silaha kwa vyama vyote viwili. Na Julai 2025, serikali ilipoomba Kongresi ifute dola bilioni 9 zilizokwishaidhinishwa, maseneta wa Republikan wenyewe waligoma kukata dola milioni 400 za PEPFAR, zikaondolewa kwenye muswada. Wachache walikataa, ikatosha.

Pia takwimu za idadi ya sheria zichukue kwa tahadhari. Kongresi ya 1947 na 1948, ambayo Rais Truman aliitukana kwamba haifanyi kitu, ilipitisha sheria zaidi ya 900. Ile ya 2023 na 2024 haikufika 300. Lakini siku hizi wanafunga mambo mengi kwenye muswada mmoja wenye kurasa zaidi ya elfu, kwahiyo kuhesabu tu sheria kunadanganya kidogo.

Na kuna Wamarekani wanaosema mkwamo ni mzuri: bora sheria mbaya ishindwe kuliko ipite kwa haraka. Hoja hiyo ina uzito. Waandishi wa Katiba walitaka mambo yaende polepole. Ninachojiuliza ni hiki: polepole yao ilikuwa ya kuwalazimisha watu wakae mezani. Hii ya sasa inawafanya wasikae kabisa, halafu Rais anaamua peke yake. Ndicho hasa walichokuwa wanakikimbia.

9. LA KUONDOKA NALO

Mimi zamani nilikuwa nafuatilia siasa za Marekani kama mpira, nani kashinda urais basi. Siku hizi uchaguzi wao ukiisha naangalia namba tatu: nani kashika Baraza la Wawakilishi na kwa viti vingapi, nani kashika Seneti na amekaribia 60 kiasi gani, na ni wangapi walipita kwenye maeneo yenye ushindani wa kweli. Hizo ndizo zinaniambia kama dawa, biashara na viza vitaamuliwa kwa sheria ya kudumu au kwa kalamu ya wino wa kufutika.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Hivi nyinyi mnaonaje: bora Bunge linalokwama kwa ubishi, au Bunge linalopitisha kila kitu kwa kupiga makofi? Tiririka hapo chini, matusi hapana.